Mameneja wa ubanguaji korosho, acheni wimbo wa "mtazamo mbaya"

Wakuu salaam,

Mtanisamehe kwa ukali. Mtwara, Newala, Masasi mpaka Lindi, mbanguaji akivua glavu jibu ni lilelile: "ana mtazamo mbaya". Dawa yake semina. Projekta, soda, hotuba ya kubadilika kifikra, halafu Jumatatu glavu ziko mfukoni.

Glavu yenyewe mmeitazama? Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na anayeyajua kuliko wote ni mwenye vidole vilivyochubuka. Mtazamo wake kuhusu glavu ni mzuri kuliko wa meneja! Ila mkinunua saizi moja kwa watu wote, ncha za vidole zinapwaya, korosho haikai sawa kwenye kisu, kisu kinapita katikati ya kiini. Vinatoka vipande. Analipwa kwa kilo, na vipande havina bei ya nzima. Atavua, atapaka majivu kujikinga na mafuta, atasonga mbele. Ni hesabu tu hiyo, wala si ujinga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1934 LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha habari za kuzunguka Marekani na mtu na mkewe, Wachina, enzi ambazo Wachina walibaguliwa waziwazi. Katika hoteli na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye akawaandikia wenye sehemu hizo kuuliza kama wangepokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Karatasi ilisema hivi, mkono ukatenda vile. Nanyi bado mnagawa dodoso la "je, unapenda usalama kazini?" na kushangilia wote wakijibu ndiyo.

Wanasaikolojia Ajzen na Fishbein walilieleza hili mwaka 1977: swali lazima lilingane na tendo. Uliza tendo gani, kwa kifaa gani, wapi, lini. "Kesho zamu ya asubuhi, utakata na glavu mpaka mapumziko?" Hapo utapata jibu lenye maana. Mwaka 1991 Ajzen akaeleza kuwa nia ya mtu hujengwa na vitu vitatu: mtazamo wake, anavyoona watu wake wanatarajia afanye nini, na anavyojiona anaweza au hawezi. Semina zenu zinagusa cha kwanza tu, ambacho hapa hakina ugonjwa.

Mkitaka kweli, wiki ya kwanza msihubiri. Hesabuni kila saa nani kavaa, hasa baada ya chakula, maana mkono wenye jasho hauingii tena kwenye glavu iliyolowa. Pimeni kilo za nzima na za vipande, kwa glavu na bila glavu, mbanguaji yuleyule. Pengo likionekana, lifidieni kwenye malipo mpaka mkono uzoee. Leteni saizi tatu, na jozi ya pili kavu ya mchana. Msimamizi naye avae akishika korosho. Akipita mikono mitupu, meza nzima imeshapata somo.

Na msiniambie bajeti hakuna, ya soda na projekta ilipatikana.

Meneja yeyote aliyemo humu ajibu moja tu: glavu zilizoko stoo kwako leo ni saizi gani?