Naombeni ushauri: karavani la zamani lipo Mpwapwa, nataka kulileta Hombolo

Mkulima wa Hombolo

Mbukwenyi wanajukwaa.

Kuna karavani, ile nyumba ya tela ya kuvutwa na gari, limekaa kwa mzee mmoja kijijini nje kidogo ya Mpwapwa. Lilikuwa la kambi ya wachimba visima, mzee akalinunua mnadani miaka mingi iliyopita. Marehemu baba alifanya kazi kwenye kambi hiyo akiwa kijana na alilala humo kiangazi kizima, ndiyo maana nalitaka hili na siyo jingine. Mzee ameridhia kuniuzia kwa laki nane.

Nataka kuliweka shambani, kwenye zabibu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika tunalala shambani. Kibanda cha mabati kilichopo sasa sipendi kulaza watoto humo.

Hali yake ni hii. Kibati kidogo kando ya mlango kimeandikwa Sprite. Urefu kama futi 14, magurudumu mawili, tairi zimekaa chini na zimepasukapasuka. Alumini ya nje imefifia ila haijatoboka sana. Madirisha mawili hayana vioo. Ndani hadibodi ya dari inaning'inia na magodoro yameliwa na panya. Kona ya nyuma mchwa wamepanda, udongo wao umefika kimo cha goti. Ukuta wa kushoto unavuma, kuna nyuki. Kadi hakuna, mzee ana karatasi ya mnada tu.

Nina Hilux yenye ndoano. Je, nilivute nalo? Nianzie wapi? Na mnaona linafufuka, au nitazika hela? Natamani liwe limeezekwa vizuri kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Fundi Kizota

Mungu amrehemu mzee wako. Linafufuka mkuu, ila usilivute. Hata ukilifunga tairi mpya leo, usilivute.

Tela lililosimama muda wote huo, grisi ya kwenye beringi imekauka na maji yameingia. Ukizizungusha kutoka Mpwapwa mpaka Hombolo kwa joto la huku, beringi itashika njiani na gurudumu litachomoka. Tairi nazo hata zisiwe kipara usiziamini. Angalia ubavuni palipoandikwa DOT: tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 0805 maana yake wiki ya 8 ya 2005. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Sprite zilikuwa zikitengenezwa Newmarket, Uingereza, na makaravani ya Kiingereza ya zamani yalivutwa kwa ndoano yenye kichwa cha inchi 2, yaani milimita 50.8. Ndoano nyingi za sasa ni milimita 50. Kwa macho huoni tofauti, ila kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kinaweza kuruka kwenye tuta, na tela likaenda lenyewe. Soma namba iliyogongwa juu ya kikombe kabla hujafikiria kuliunga na Hilux, leo au mwakani.

Kodi bredauni ya kitanda, au Fuso inayofunguka mbao za pembeni. Kijijini hakuna winchi ya kunyanyua, kwa hiyo Fuso inarudishwa nyuma hadi kwenye kingo ya korongo, kitanda kikilingana na ardhi karavani linavutwa taratibu mpaka juu. Mikanda ifungwe kwenye chesisi na ekseli. Wasije wakaizungusha juu ya bodi, alumini itabonyea na fremu ya mbao itavunjika. Madirisha yasiyo na vioo yazibwe kwa plaiwudi kabla ya kuondoka, kwa sababu upepo ukiingia kwa mbele unaweza kubeba dari yote. Utashika Kongwa, Mbande, halafu Ihumwa unakata kulia. Mjini huingii kabisa.

Ila kabla hujamlipa mzee, nenda na bisibisi nyembamba. Lala chini yake, gonga chesisi nzima, na pale panapotoa sauti ya kufa chokoa. Kutu ya juu juu inakwanguliwa, ila bisibisi ikipenya chuma mwambie apunguze bei au uache. Kisha ingia ndani uchokoe mbao za kona zote nne na chini ya kila dirisha. Alumini ni ngozi tu, kinacholishika karavani ni fremu ya mbao.

Mzinga wa Kongwa

Fundi kasema kweli, lakini nyuki watangulie kabla ya bredauni. Ukilipakia na kundi ndani, mtikisiko wa kwanza tu wanatoka, na watu wataumia vibaya.

Tafadhali usiwapulizie dawa. Nyuki ndio wanaopooza masega kwa mabawa yao. Wakifa, joto la ndani ya ukuta linayeyusha nta, asali inashuka mpaka sakafuni, na siafu wanafuata. Ita mfugaji mwenye vazi na bomba la moshi, aje jua likishazama. Abandue hadibodi kwa ndani, akate masega, na yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, ayafunge kwenye viunzi vya mzinga. Malkia akishaingia, wenzake watamfuata. Mzinga ukae hapo hapo siku kadhaa ndipo uhamishwe. Mkishamaliza, kwangueni nta yote, osheni kwa maji ya moto na sabuni, zibeni tundu. Harufu ikibaki, kundi lingine litakuja.

Weka ndoo ya maji karibu. Hadibodi ya zamani iliyokauka na cheche za bomba la moshi havipatani.

Chuma Chakavu Dom

Kaka mimi nina mawazo tofauti. Laki nane, ongeza usafiri, ongeza mafundi, unapata vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Ng'oa alumini uiuze kwa kilo, chesisi uitumie kama tela la kubebea zabibu.

Fundi Kizota

Hapana ndugu yangu. Chesisi ya karavani ni nyembamba, imepimwa kubeba nyumba nyepesi. Karavani la ukubwa huo likiwa tupu halifiki tani moja. Ukirundika kreti za zabibu itapinda katikati. Na mwenzetu ameshatueleza analitakia nini.

Wakili wa Mtaa

Karatasi ya mnada usiidharau, ndiyo inayoonyesha mzee alilipataje. Piga picha kibati cha mlangoni na namba iliyogongwa kwenye chesisi kabla fundi yeyote hajapitisha grainda au rangi. Andikishianeni mkataba mbele ya wakili, na upate barua ya serikali ya kijiji. Likiwa juu ya Fuso ni mzigo, na trafiki akiuliza mzigo wa nani una jibu mkononi. Siku ukitaka kulivuta barabarani, tela linahitaji usajili wake na namba yake, kwa hiyo uende TRA na makaratasi hayo yote.

Mama Ihumwa

Niliishi kwenye karavani la kambi ya barabara pamoja na mume wangu na mtoto mchanga, kwa hiyo naomba niseme la watoto.

Jua la Dodoma likilipiga saa nane mchana, huwezi kukaa ndani. Sisi tuliliwekea paa juu yake, nguzo na mabati, tukaacha nafasi ya kupitisha hewa kati ya mabati na dari. Usiku tukawa tunajifunika shuka.

Ukikuta matundu yenye wavu sakafuni, usiyazibe ukidhani ni njia ya mchwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutoka. Mabomba ya zamani ya gesi yang'oe yote. Upikie nje. Na jiko la mkaa lisiingizwe humo hata baridi ya Julai ikiwaje, wala usilione limebaki majivu ukaliingiza kupasha chumba. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Mkulima wa Hombolo

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimerudi Mpwapwa na bisibisi. Chesisi ni nzima isipokuwa chuma kimoja cha kukingama nyuma, hicho kimeliwa. Kona ya mchwa hakuna mbao kabisa, nilipovuta hadibodi ukamwagika udongo mtupu. Mzee amekubali laki sita. Mfugaji wa nyuki amepatikana hapo hapo kijijini, na ameomba alipwe asali.

Swali kwa fundi: nyuma ya jiko kuna kipande cha ubao wa kijivu, kigumu kama saruji. Nikitoe? Na fremu nijenge kwa mbao gani?

Fundi Kizota

Hicho cha kijivu inawezekana ni asbesto, zamani walikitumia kukinga joto la jiko. Usikikate, usikisage, usikipige msasa, maana vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Kama hakijavunjika kiache hapo na ukifunike kwa bati. Kama kimepasuka, kiloweshe maji, vaa barakoa nzuri, kitoe kizima kizima, kifunge kwenye nailoni nzito, kisha uliza ofisi ya afya ya wilaya wanakipokea wapi. Watoto wasiwepo siku hiyo.

Mbao tumia msindano uliotiwa dawa. Mninga ni mzuri lakini ni mzito, na hapa uzito ni adui. Usibomoe kuta zote kwa pamoja, bodi italegea na mlango hautafunga tena. Fungua kona moja, nakili mbao iliyooza kwa kipimo chake, funga, hamia inayofuata. Anza na hiyo ya nyuma, baada ya kuchomelea chuma cha kukingama. Misumari na skrubu za chuma zisigusane na alumini, zikipata unyevu zinaila. Tumia riveti za alumini au skrubu za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu.

Dari ifuate mara moja, ndani utapapamba baadaye. Fungua reli za alumini zilizofunika maungio, kwangua gundi yote ya zamani, paka mpya, rudisha. Kumimina silikoni juu ya uchafu ni kazi bure, jua la msimu mmoja tu linaibandua. Madirisha kata plastiki ngumu ya kung'aa, na mpira wa kuzungushia peleka kipande cha zamani Gerezani, Dar, watakulinganishia.

Likifika shambani linyanyue kwa jeki, lisimame kwenye vigogo vya zege vyenye bati juu yake, bati lizidi ukingo wa zege kila upande. Mchwa hapandi hewani, lazima ajenge njia ya udongo, na kwenye bati lililojitokeza utaiona. Pita kila wiki na ufagio. Kuta za udongo au nyasi zisiliguse popote.

Mzinga wa Kongwa

Mwambie mfugaji asilipwe kwa masega ya pembeni yaliyogusa rangi au dawa ya mbao ya zamani. Hayo yatupwe.