Naomba msaada: PrEP naipataje Malaba bila shangazi kujua?

Dada_wa_Mpakani (Jumatatu, saa 2:14 usiku)
Wakubwa shikamooni. Niko Malaba, upande wa Uganda. Nataka kuanza PrEP, zile dawa za kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, lakini kituo cha karibu shangazi yangu ndiye anakaa dirisha la kadi. Kuna duka la dawa linaloweza kuniuzia kimyakimya? Na inachukua siku ngapi kuanza kukinga? Naomba majibu leo, matusi wekeni kando.

Karani_wa_Zamu (2:22)
Duka la nini? Vituo vya serikali vinavyotoa ARV, dawa za wenye VVU, ndivyo hutoa PrEP, tena bure, na hulazimiki kwenda cha kwenu. Tororo si mbali. Utapimwa VVU, utaulizwa kama umepata homa au tezi wiki za karibuni, na pakiwa na vifaa watapima homa ya ini B na kreatinini ya figo. Kijana asiye na ugonjwa wa figo asirudishwe eti kipimo cha figo hakipo. Kidonge kimoja kila siku. Kwa mwanamke hesabu siku 7 kamili kabla ya kukitegemea, wengine watakuambia 21. Unarudi baada ya mwezi, kisha kila miezi 3. Dukani hakuna wa kukupima, na balaa liko hapo: ukiwa umeshaambukizwa, dawa mbili za PrEP hazitoshi kutibu, virusi vinazizoea.

Lori_Tupu (2:29)
Vidonge vya nini tena? Si kuna sindano ya miezi sita?

Karani_wa_Zamu (2:35)
Lenacapavir. Ilijaribiwa Afrika Kusini na hapa Uganda kwa wasichana wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliochomwa hakuambukizwa hata mmoja, matokeo yalitoka 2024. Hata hivyo ni kinga ya mbele, haifuti lililopita.

Ustadhi_K (2:38)
Kinga ni zipu.

Lori_Tupu (2:39)
Ustadhi, zipu za Malaba zilikatika kitambo.

Bi_Kipimo (2:44)
Dada, hili neno "leo" linanisumbua. PrEP haina haraka ya usiku. Kuna jambo limeshatokea?

Dada_wa_Mpakani (2:51)
Kondomu ilipasuka Jumamosi, kama saa 5 usiku. Lakini nimeshajishughulikia. Rafiki alinipa vidonge vyake vya PrEP, nimemeza kimoja jana, kimoja leo. Dawa si zilezile? Nauliza tu pa kupata vingine.

Karani_wa_Zamu (2:58)
Si zilezile. Kopo limeandikwaje?

Dada_wa_Mpakani (3:01)
300/200. Tenofovir na emtricitabine.

Karani_wa_Zamu (3:10)
Basi umekosa ya tatu, dolutegravir 50. Unachohitaji ni PEP, kinga ya baada ya tukio: dawa tatu, siku 28, na ianze ndani ya saa 72. Zako zinaisha kesho saa 5 usiku, lakini usivute hadi huko, kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nenda usiku huu kwenye kituo chenye wodi ya wazazi, muuguzi wa zamu yupo. Tamka "PEP" na utaje saa. Vidonge viwili ulivyomeza viseme pia, wala havikuzuii kuanza. Kama hawana za siku zote 28, omba dozi ya kuanzia. Na dirisha la kadi usiku limefungwa, shangazi yuko kitandani.

Dada_wa_Mpakani (3:16)
Mnanitisha bure. Mwanaume mwenyewe anatumia ARV, kopo nililiona kwenye kabini ya lori lake. Alisema virusi vyake havionekani kwenye kipimo.

Bi_Kipimo (3:20)
Ikiwa ni kweli, haambukizi kwa ngono, hilo halina ubishi. Ila ukweli wake uko kwenye karatasi ya wingi wa virusi, ya karibuni. Anza PEP, karatasi ikija muuguzi ataamua kama uendelee. Mtajie na dawa anazotumia. Na mbegu nazo hazikungoja: kidonge cha dharura cha mimba kinafaa zaidi ndani ya saa 72 hizohizo, na hakigombani na dolutegravir.

Macho_Manne (3:27)
Saa mbili hajawahi kutumia, saa tatu kameza viwili na anasoma kopo kama mfamasia, sasa kuna dereva. Hii ni hadithi. Kesho mtaona "nina makopo, njoo inbox".

Lori_Tupu (3:29)
Mimi nilishangaa zamani. Shangazi wa dirishani? Tamthilia tupu.

Bi_Kipimo (3:36)
Hakusema hajawahi, alisema anataka kuanza. Na muuza vidonge hapeleki wateja kituoni wapewe bure. Hata kama katunga, saa 72 hakuzitunga yeye.

Macho_Manne (3:38)
Tungoje tangazo.

Dada_wa_Mpakani (Jumanne, saa 1:32 asubuhi)
Nimepimwa, sina. Nimemeza ya kwanza saa 6 usiku, kidonge kimoja chenye zote tatu. Kichefuchefu kipo. Kopo lina 30, siku ni 28. Viwili vya mwisho nifanyeje? Na naweza kumeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu?

Karani_wa_Zamu (1:50)
Vya damu vina chuma, chuma hunasa dolutegravir. Meza ya PEP saa 2 kabla au saa 6 baada yake, dawa za kiungulia vilevile. Kichefuchefu jaribu kumeza ukishakula. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi. Viwili usimpe rafiki yako. Rudi navyo siku ya 28, upimwe, ukiwa salama PrEP ianze siku ya 29 bila pengo. Kipimo kingine miezi 3 tangu Jumamosi.

Macho_Manne (1:57)
Shangazi je?

Dada_wa_Mpakani (2:03)
Alikuwa zamu ya usiku.