MREJESHO: Kuhamisha Ctrl kwa ajili ya WordStar (programu ya zamani ya kuandikia) kwenye DOS (mfumo endeshi wa zamani wa kuandika amri)

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuweka Ctrl pale ilipo Caps Lock pembeni ya A, maana WordStar kishale kinasogea kwa Ctrl na E, S, D, X, na kwenye kibodi ya Model M ya IBM Ctrl iko kona ya chini, kidole kidogo kinateseka. Kile kiprogramu cha kukaa kwenye memori na kugeuza Caps Lock iwe Ctrl nimekiweka AUTOEXEC.BAT (faili la amri zinazojiendesha kompyuta ikiwaka), kimekubali kabisa, raha tupu! ANSI.SYS (faili la DOS linaloweza kubadilisha kazi ya vitufe) imekubali nusu, kodi ya ESC[0;68;"DIR";13p inafanya F10 iandike DIR (amri ya kuorodhesha mafaili) kwenye DOS ila ndani ya WordStar wapi, kule kibodi inasomwa kupitia BIOS (programu ya msingi ya kompyuta yenyewe) bila kupita ANSI.SYS. Caps Lock yenyewe ANSI.SYS haiigusi, kwa hiyo mwenye shida hii aanze na kiprogramu.