Naomba ushauri: binti yangu anatakiwa kuwekewa vyuma kwenye uti wa mgongo

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Aliyegundua tatizo ni fundi cherehani. Alipompima sare, sketi ikawa inapanda upande mmoja, akaniambia, "Mama, nyonga za huyu mtoto hazilingani." Mimi nilikuwa nasingizia begi la madaftari. Akiinama kushika vidole vya miguu, mbavu za kulia zinatokeza kama nundu.

Eksirei imeonyesha uti umepinda nyuzi 56. Daktari anasema mkanda wa kubana hautamsaidia tena, huo hufaa zaidi pindo likiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua. Kilichobaki ni upasuaji: skrubu kwenye pingili, fito mbili za titani za kunyoosha, halafu vipande vya mfupa ili pingili ziungane. Vyuma kwa kawaida havitolewi.

Bibi yake anataka akachuliwe kwanza. Hapo nimekataa kabisa, mfupa uliopinda haunyooshwi kwa mafuta ya nazi.

Kwa aliyepitia, au aliyeuguza mtoto: alikaa nyumbani muda gani kabla ya kurudi shule? Anaweza kuinama kufunga viatu? Bima ililipia vyuma, au mlinunua wenyewe?

Mwenyewe ameuliza kitu kimoja tu, kama atacheza tena netiboli. Nikajifanya nasikiliza simu.