Naomba ushauri: riwaya za kumsomea mama aliyepoteza uwezo wa kuona

BintiMuheza:

Wapendwa wasomaji, nawasalimu nyote. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, alipoteza uwezo wa kuona mwaka jana baada ya kuugua presha ya macho kwa muda mrefu. Alifundisha shule za msingi mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na tangu utoto wangu sikumbuki usiku aliolala bila kwanza kufungua kitabu. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila jioni baada ya sala ya Isha nimsomee kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo.

Nilianza vibaya. Nilichukua *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ninayoipenda kuliko zote, na jioni ya pili mama aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa watu wako wapi hasa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kitabu kile humtaka msomaji arudi nyuma, asome tena ukurasa uleule, akae kimya kidogo. Naye mtu anayesikiliza hana nafasi hiyo.

Naomba basi mnisaidie kuchagua riwaya za Kiswahili zinazofaa kusikilizwa. Mama hapendi lugha ya ovyoovyo, na hunikatiza kila ninapokosea matamshi. Anapenda mazungumzo, watu wanaotambulika, na kisa kinachomfanya angoje jioni ya kesho. Tena ningependa kujua kama nimwepushe na visa vya huzuni nzito, kwa sababu tangu macho yake yafumbe amekuwa mwepesi wa kulia.

MzeeWaVitabu:

Mwanangu, hongera kwa kazi hii unayomfanyia mama yako. Mimi ningekushauri uanze na mtu wa kwenu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Uchukue *Kusadikika*, iliyochapishwa mwaka 1951, na nitakueleza kwa nini naitaja hiyo kabla ya nyingine.

Kisa chake kimejengwa kama kesi. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja aliporudi na maarifa ya kuifaa nchi aliishia gerezani. Ukigawanya usomaji wako kwa kufuata siku hizo, utapata jioni sita ambazo kila moja ina mwanzo na mwisho wake, na mama hatalazimika kukumbuka mambo mengi ili afuate ya leo. Sentensi za Shaaban Robert zina mizani. Mtu akizisoma kimoyomoyo huweza kuziona nzito, lakini akizitamka hujikuta anapumua mahali ambapo mwandishi alitaka apumue. Usizisome haraka.

Baada ya hiyo mpe *Adili na Nduguze*, ambayo ni fupi na ina ladha ya *Alfu Lela Ulela*. Mama mwenye umri huo huenda akakumbuka alipoisikia mara ya kwanza.

MsikilizajiNgambo:

Dada, naafikiana na Mzee, ila naona mama anayetaka kungoja jioni ya kesho asinyimwe hadithi za mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikachapishwa mwaka 1960, kisha zikafuata *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na *Mwana wa Yungi Hulewa*. Kuna maiti na kuna mpelelezi mwenye kiko chake, lakini kinachozifanya hadithi hizi zifae kwa sikio ni jinsi watu wanavyojibizana. Ni Kiswahili cha Unguja kinachozungumzwa barazani, chenye mafumbo na adabu zake, hata mtu akitukanwa hutukanwa kwa ufundi.

Nakutahadharisha jambo moja. Siri zake mara nyingi zimefichwa katika nasaba, yaani nani ni mtoto wa nani na nani aliolewa wapi, kwa hiyo majina ni mengi. Nilipokuwa nikimsomea babu yangu, nilizoea kufunga kitabu dakika chache kabla ya wakati na kumwuliza anamshuku nani. Maelezo yake yalinisaidia mimi zaidi kuliko yeye.

Ukimaliza hapo, mpe *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza bila kumtaka, anakimbilia kwa Mwajuma huko Ng'ambo, na kuanzia hapo nyumba nzima inasikika: ngoma, kicheko, ugomvi, na minong'ono ya kina Denge wanaoupinga utawala wa Waingereza. Ilitengenezewa filamu mwaka 2021 chini ya uongozi wa Amil Shivji, lakini kwa mama yako kitabu chenyewe kinatosha. Zipo sehemu za mapenzi ambazo mtoto huweza kuona haya kumsomea mzazi wake. Zipitie mapema ujue utazisomaje.

MwalimuKitale:

Sijaona aliyetaja *Siku Njema* ya marehemu Ken Walibora, nami siwezi kunyamaza. Kongowea ni kijana aliyekulia Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu, na baada ya kufiwa anasafiri mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza tangu mwanzo, na hilo kwa msikilizaji ni faida kubwa, kwa kuwa sauti yako itakuwa sauti ya Kongowea na hakuna wa kumchanganya. Nimewasomea wanafunzi wangu kwa miaka mingi. Hata wasiopenda vitabu huacha kuchezea kalamu.

BintiMuheza:

Nawashukuru sana. Bado nina wasiwasi kuhusu huzuni. Rafiki mmoja amenisihi nimsomee mama *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, na mimi naikumbuka kama kitabu kilichonilaza na machozi nilipokuwa kidato cha tatu. Je, ni sawa kumpelekea mtu maumivu ya Maimuna wakati ana yake?

MsikilizajiNgambo:

Mimi ningengoja. *Utengano* ni riwaya bora, na kwa maoni yangu hakuna aliyeonyesha ukatili wa baba mwenye heshima mitaani kama alivyoonyeshwa Bwana Maksuudi, lakini anguko la Maimuna ni refu na nusu saa kwa jioni italifanya liwe refu zaidi. Msomaji mwenye macho hupita haraka mahali panapomwumiza. Mama hawezi.

MzeeWaVitabu:

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Mtu aliyefundisha watoto kwa miaka 30 ameona akina Maimuna wengi kuliko sisi. Kumchagulia mzee vitabu vya kumfurahisha tu ni kumfanya mtoto, na amekwisha kunyang'anywa macho. Asinyang'anywe na uamuzi. Mweleze kisa kwa ufupi, mwambie kwamba kina huzuni, kisha mwache achague mwenyewe. Akilia, funga kitabu, mkae pamoja, naye atakuambia lini muendelee.

MkerewePopote:

Naomba niongeze kitabu kinachosahaulika kwa sababu ya unene wake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akamaliza mwaka 1945, akakaa miaka mingi bila kupata mchapishaji, mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mikononi, na kila nikiishika naliwaza hilo.

Mume na mke wanapendana lakini hawajaliwi mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere anapaswa kutafuta mitungi ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Mwendo wake ni wa polepole sana. Watu wanasalimiana kwa ukamilifu, wanapika, wanalima, wanauguza, wanaagana hadi njiani. Nilipokisoma peke yangu kilinichosha mara mbili. Shangazi yangu alipotusomea kwa sauti wakati wa likizo, hakuna aliyetaka kuondoka, kwa kuwa zile salamu ndefu zilizonichosha zilikuwa ndizo zinazotuweka ndani ya nyumba ile. Kwa mama asiye na haraka ya kwenda popote jioni, sijui kitabu kingine kinachoweza kumfaa kwa miezi mingi namna hiyo.

BintiMuheza:

Narudi kuwapa habari baada ya wiki moja. Nilifuata ushauri wa Mzee wa kumwachia mama uamuzi, nikamsomea orodha yenu yote pamoja na maelezo mliyoyatoa. Alichagua *Kusadikika* ianze, Bwana Msa afuate, na kuhusu *Utengano* alisema, "Hicho weka, ila usikifiche." *Siku Njema* ameitaka isomwe ndugu zangu watakapokuja, ili waisikie Tanga yao.

Tumekamilisha siku tatu za kesi ya Karama. Jana nilisoma haraka kidogo kwa sababu ya uchovu, mama akanisimamisha na kuniomba nirudie ukurasa mzima, safari hii nikipumua kwenye vituo. Kisha akanieleza ni mjumbe yupi anayemkumbusha mwalimu mkuu wake wa zamani, na mazungumzo hayo yalipita nusu saa tuliyojiwekea. Kwa kuwa siku tatu zilizobaki zitakwisha upesi, namwomba yeyote anayejua mahali inapopatikana nakala ya *Kisima cha Giningi* yenye kurasa zote anijulishe, kwani niliyoipata kwa wauza vitabu vikuukuu imekosa sura ya mwisho.