Beatles: tuanze na Anthology au maboksi mapya? (Na lile suala la mono)

Mpenda_Besi
Wakuu, salaam. Albamu rasmi za Beatles nazijua, sasa nataka mabaki ya studio: majaribio yaliyoachwa, miksi (namna sauti na vyombo vinavyosawazishwa pamoja) zilizokataliwa, mazoezi. Naona njia tatu. Kwanza Anthology, mikusanyo ile mitatu ya mabaki ya 1995 na 1996. Pili maboksi makubwa, yaani albamu moja iliyotolewa upya pamoja na mabaki yake, yaliyoanza na Sgt. Pepper mwaka 2017. Tatu, kubaki na albamu zilezile ila kwa miksi za mono (sauti zote njia moja, si kushoto na kulia kama stirio). Bando ni GB 2 kwa wiki, vyombo ni sabufa ya kawaida ya Kariakoo na iyafoni za waya. Nianze wapi, na kwa nini? Naomba majibu yenye namba, sio "zote kali".

Kanda_ya_Nne
Maboksi, bila kupepesa. Anthology zilikatwakatwa. George Martin, mtayarishaji wao, na fundi sauti Geoff Emerick walikuwa wanaandaa CD za kumridhisha msikilizaji wa kawaida, kwa hiyo kilichokuwa kirefu walikifupisha, na teki tatu zilizopungukiwa waliziunga zikawa moja. (Teki, kwa wageni wa uzi huu, ni jaribio moja la kurekodi.)

Chukua Helter Skelter ya 18 Julai 1968, teki ya 2. Kwenye Anthology 3 haifiki dakika 5. Kwenye boksi la White Album la 2018 wameiacha nzima, dakika 12 na sekunde 53, inajikokota kama watu wanaosukuma gari bovu. Ndiyo raha yake. Teki ya 3 ya siku hiyohiyo, ile ya dakika 27, haijawahi kutolewa rasmi. Ukikuta faili limeandikwa hivyo mtandaoni, usichome bando.

A Day in the Life nayo ni hivyohivyo. Ya Anthology 2 imeshonwa kutoka teki tofauti. Boksi la Sgt. Pepper la 2017 linakupa teki ya 1 peke yake, ya 2 peke yake, halafu majaribio ya kumalizia wimbo kwa watu kuguna pamoja, kabla hawajaamua kutumia vinanda. Ukisikiliza ule mguno utaelewa kwa nini waliutupa.

Mwana_Temeke
Kanda_ya_Nne unamdanganya kijana. Piga hesabu ya bando kwanza. Ubora wa 320 kbps unakula MB 2.4 kwa dakika. Anthology tatu ni CD 6. Boksi la White Album nalo ni CD 6. Hata kila CD ijazwe dakika 80, jumla haizidi GB 1.15. Gharama ni ileile, lakini kwa Anthology unapata kuanzia 1958 mpaka Januari 1970, na kwa boksi unapata mwaka mmoja tu.

Halafu kuna vitu ambavyo maboksi hayana kabisa. Rekodi ya 1958 kabla hawajaitwa Beatles. Usaili wa kampuni ya rekodi ya Decca wa 1 Januari 1962: walipiga nyimbo 15, Anthology 1 ina 5. Maboksi hayo yanaanzia Revolver ya 1966. Nyuma ya hapo, ukikosa Anthology 1 na nusu ya kwanza ya 2 umekosa miaka yote ya ujana wao.

Na kukatwa si dhambi. Chenga nazo ni mchele.

Kanda_ya_Nne
Chenga ni mchele, sawa, ila usimuuzie mtu kwa bei ya mchele mzima. Not Guilty ya George Harrison iliwagharimu teki zaidi ya mia. Anthology 3 wameipunguza. Boksi la White Album lina teki ya 102 kamili. Unataka kujua kwa nini wimbo uliotolewa jasho hivyo uliachwa nje ya albamu yenye nyimbo 30? Huwezi kujua ukisikiliza muhtasari.

Bi_Mono
Nyote mmeruka swali lake la tatu. Kabla ya mabaki, asikilize mono, kwa sababu mpaka 1967 mono ndiyo ilikuwa kazi yenyewe na stirio ilikuwa nyongeza. Sgt. Pepper bendi ilihangaika na miksi ya mono, ya stirio wakawaachia mafundi, ikamalizwa haraka. Tofauti si za kutafutwa kwa darubini:

She's Leaving Home ya mono iko kasi zaidi, sauti imepanda karibu nusu toni. Ya stirio inaburuta, na wimbo wa huzuni ukiburuta unakuwa msiba. Lucy in the Sky ni kinyume chake, mono ndiyo ya polepole na sauti inazungukazunguka zaidi. Wimbo wa pili kutoka mwisho, ile marudio ya kichwa cha albamu, kwenye mono unamsikia Paul McCartney, mpiga besi, akipiga kelele mwishoni. Kwenye stirio amefifia.

White Album ndiyo ya mwisho kuwa na miksi yake halisi ya mono. Kule Helter Skelter inaisha mapema, na ile kelele ya Ringo, mpiga ngoma, kuhusu malengelenge ya vidole haimo. Abbey Road na Let It Be hazina mono ya kwao, msizitafute.

Kwa CD, chukua boksi la mono la 2009. Kwa santuri, toleo la 2014, maana lilichongwa moja kwa moja kutoka kwenye kanda bila kupitia kompyuta. Tena hilo la 2009 lina zawadi: Help! na Rubber Soul zimewekwa pamoja na miksi za stirio za 1965, zile ambazo George Martin alizirekebisha upya kwa ajili ya CD za 1987.

Mpenda_Besi
Dada Bi_Mono, si naweza kuweka simu kwenye mono tu nikapata kitu hichohicho?

Fundi_Spika
Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Simu ikibanwa mono inajumlisha kushoto na kulia. Kila kilichokuwa katikati kimo pande zote mbili, kwa hiyo kinajumlishwa mara mbili na kinapanda juu ya vile vya pembeni. Hiyo ni stirio iliyokunjwa. Miksi ya mono ni fundi aliyekaa na kanda akasawazisha kila chombo upya, pengine na kasi nyingine na kitu kingine kabisa kilichofutwa.

Lakini kwa iyafoni washa hicho kitufe kwa albamu za mwanzo. Please Please Me ilirekodiwa kwa nyimbo 10 ndani ya siku moja, 11 Februari 1963, kwenye kanda ya njia mbili: vyombo njia moja, sauti njia nyingine. Stirio yake basi ni vyombo sikio hili, waimbaji sikio lile. Kwenye daladala ukimpa jirani sikio moja, mmoja wenu anasikiliza bendi isiyo na mwimbaji na mwingine kwaya isiyo na ngoma.

Kwenye sabufa kagua nyaya. Waya mwekundu na mweusi ukibadilishana kwenye spika moja tu, spika mbili zinasukumana kinyume: moja inatoka, nyingine inaingia. Vilivyo katikati vinauana hewani. Besi inakonda, sauti ya mwimbaji inakuwa kama iko chumba cha pili. Kwa Abbey Road utadhani Paul hakuja kazini. Jaribu hivi: weka spika mbili zitazamane, sentimita 10 kati yake, simu iwe mono. Besi ikiwa nene, nyaya ziko sawa. Ikipotea, geuza waya wa spika moja.

Na punguza ile besi ya sabufa hadi robo. Miksi za 2017 kuendelea zimeshaongezewa besi, ukiongeza tena unabaki na mtetemo wa meza.

Mzee_wa_Santuri
Fundi amesema vyema. Niongeze kwa wa santuri. Meza za kuchezea santuri zinazoagizwa kutoka Marekani, zile za mota ya zamani inayofuata umeme wa ukutani, zilitengenezwa kwa umeme wa Hz 60 (mizunguko 60 kwa sekunde). Sisi ni Hz 50. Kifaa cha kushusha volti kutoka 230 kwenda 110 hakibadilishi Hz. Sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama 27.8, na muziki utashuka zaidi ya toni moja na nusu. Halafu mtu anaandika jamvini kwamba amegundua miksi ya siri! Angalia kibao nyuma ya mashine kabla ya kulipa. Kama mota yake ni ya umeme wa moja kwa moja, DC, haina tatizo.

Mwana_Temeke
Shikamoo mzee. Hiyo ya miksi ya siri imenichekesha, maana Beatles wenyewe walicheza na kasi makusudi.

Mzee_wa_Santuri
Marahaba. Ndiyo, lakini wao walijua wanafanya nini. Rain ya 1966 vyombo vilipigwa kwa kasi kisha kanda ikapunguzwa mwendo, ndiyo maana ngoma za Ringo zina uzito ule. Boksi la Revolver la 2022 lina teki ya 5 kwa mwendo wake halisi. Isikilize kwanza, kisha ile iliyotoka. Hakuna somo la kurekodi litakalokufunza zaidi ndani ya dakika sita.

Kanda_ya_Nne
Ahsante mzee, umenipa bao. Na Strawberry Fields Forever? Iliyotoka ni kipande cha teki ya 7 na kipande cha teki ya 26, kasi tofauti, ufunguo tofauti. Ya 26 ikapunguzwa mwendo mpaka zikakutana, kiungo kiko karibu na dakika ya kwanza. Boksi la Sgt. Pepper linakupa teki ya 1, ya 4, ya 7 na ya 26, zote. Anthology 2 haina hiyo 26 nzima.

Mwana_Temeke
Nakubali hilo. Sasa na wewe kubali la Let It Be.

Watu wanadhani Let It Be... Naked ya 2003 ni albamu ileile iliyofutwa okestra na kwaya alizoweka mtayarishaji Phil Spector. Kwa The Long and Winding Road sivyo. Naked wametumia teki nyingine kabisa, ya 31 Januari 1969. Spector alitumia ya 26 Januari. Unataka ileile ya Spector ikiwa tupu, bila kwaya? Iko Anthology 3.

Bi_Mono
Kweli tupu. Nami Naked siipendi: walitupa maongezi na Dig It na Maggie Mae, wakairudisha Don't Let Me Down, ambayo kwa kweli ilistahili. Lakini wakasafisha mno. Albamu iliyokusudiwa kuwa ya watu kupiga pamoja chumbani, kama bendi zetu zilivyokuwa zikirekodi Radio Tanzania, imekuwa safi kama chumba cha hospitali. Bora ile miksi ya fundi sauti Glyn Johns ya 1969 iliyowekwa kwenye boksi la Let It Be la 2021. Imejaa kukosea na kucheka, na ndiyo maana inapumua.

Mwana_Temeke
Glyn Johns? Ile wamekosea mpaka inakera. Hapa tumeshakuwa Sikinde na Msondo.

Fundi_Spika
Turudi kwa mwenye uzi. Kijana ana GB 2 kwa wiki, tusimjazie GB 10 za maoni.

Wiki ya 1: Anthology 1 na 2, ila shusha kwa mtandao wa Wi-Fi ukiweza na usikilize bila mtandao, maana kurudia wimbo kwa kuutiririsha upya ndiko kunakomaliza bando, siyo ubora. Usiende kwenye faili zisizopunguzwa ubora: CD ghafi ni MB 10.6 kwa dakika, ikibanwa bila hasara bado ni kama 6. Kwa sabufa yako hutaona tofauti.

Wiki ya 2: ruka Anthology 3, nenda boksi la White Album, anza na CD ya tatu. Ni nyimbo 27 walizorekodi nyumbani kwa George, Esher, Mei 1968, kabla ya kuingia studio. Magitaa makavu, watu wanapiga makofi. Anthology 3 imechukua 7 tu kati ya hizo. Nane hazikuingia White Album, na mbili kati ya nane utazikuta zimekua Abbey Road: Mean Mr. Mustard na Polythene Pam. Child of Nature ya John Lennon ndiyo iliyokuja kuwa wimbo wake Jealous Guy.

Baada ya hapo rudi Anthology 3 kwa vipande viwili: The Long and Winding Road aliyotaja Mwana_Temeke, na While My Guitar Gently Weeps ya gitaa kavu. Zilizobaki ni hiari.

Kanda_ya_Nne
Naafiki, ingawa CD ya tatu peke yake inatosha kunipa ushindi.

Mpenda_Besi
Nimewaelewa. Swali la mwisho: Her Majesty kwenye Abbey Road inaanza na mshindo mmoja mkubwa halafu inakatika kabla ya noti ya mwisho. Faili langu bovu?

Mzee_wa_Santuri
Faili zima. Wimbo huo ulikuwa katikati ya mfululizo wa upande wa pili, baina ya Mean Mr. Mustard na Polythene Pam. Paul akaukataa, kijana wa kanda, John Kurlander, akaukata na kuubandika mwisho wa kanda asije akaambiwa ametupa kazi ya watu. Mshindo unaousikia ni noti ya mwisho ya Mustard. Noti ya mwisho ya Her Majesty ilibaki upande wa pili wa mkasi. Boksi la Abbey Road la 2019 lina mfululizo wa majaribio ukiwa na wimbo huo mahali pake pa zamani. Sikiliza jinsi unavyoupunguza mwendo mfululizo mzima, utamwelewa Paul.