Gumzo la ukoo: Neema, mimba na papai

Neema: Jamani habari za jioni, shikamooni wakubwa wote. Naombeni msaada, tangu mimba hii ianze nina hamu ya papai vibaya mno, yani hata usiku naliwaza, sa leo nimeambiwa eti mjamzito hagusi papai kabisa maana mimba inatoka?? nimeogopa

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Usiliguse!! Sisi tulikatazwa na mama zetu na wao walikatazwa na mama zao. Kula embe, kula chungwa, papai subiri mpaka ujifungue

Baraka: Shkamoo shangazi. Mbona mi nimeona intaneti wanasema papai lina foliki asidi ya kumsaidia mtoto tumboni, sa tushike lipi

Neema: Ndo hapo sasa

Mjomba Salim: Muiteni Asha, si ndo kazi yake hiyo ya lishe

Asha: Nipo mjomba, shikamooni nyote. Neema pole mdogo wangu. Hofu ya shangazi ina msingi wake kabisa, ila tutenganishe kwanza, papai bichi na papai bivu mwilini si kitu kimoja hata kama mmeyachuma mti mmoja

Asha: Papai bichi ukilikwaruza tu linatoa utomvu mweupe, ule unaonata vidoleni. Ndani ya ule utomvu kuna vimeng'enya, maarufu kinaitwa papaini, kazi yake ni kuvunja protini. Mwaka 2002 kuna utafiti ulitoka, ulifanywa kwa panya, waliokunywa juisi ya papai bivu mimba zao hazikupata shida, lakini utomvu wa papai bichi ulipowekwa kwenye misuli ya mji wa mimba ya panya ile misuli ikajikaza kama inavyojikaza kwenye uchungu. Panya si mtu, ni kweli, ila hakuna atakayekubali kuwajaribia wajawazito kitu kama hicho, kwa hiyo tunachukua tahadhari. Lililoiva kabisa kula. Bichi acha, na lile la nusunusu lenye kijani kijani acha pia

Neema: Asante dada, nimepumua 🙏

Shangazi Rehema: Na likipikwa je hilo bichi? maana moto si unaua

Asha: Moto ukichemka vizuri unaua nguvu ya papaini shangazi, kweli kabisa, ila huwezi kuwa na uhakika kila kipande kimeiva mpaka ndani, na mboga ziko nyingi, kwa nini mjamzito ajibahatishe na hiyo moja. Ningekuwa mimi nisingekula mpaka nijifungue. Nyie wengine pikeni tu

Mama Neema: Na huyo ana mzio wa mpira, glovu zikimgusa anavimba. Aliwahi kuvimba mikono akiwa mdogo

Asha: Ee mama umefanya vizuri kulisema hilo!! Neema mbona hukusema. Watu wenye aleji ya mpira wa glovu wapo ambao miili yao inaona papai ni kitu kilekile, pia ndizi na parachichi. Ushawahi kula papai bivu baada ya hapo ukasikia midomo inawasha au koo linabana?

Neema: Hapana dada nakula siku zote tangu utoto hata mkuno sipati, ni glovu tu

Asha: Hapo nafuu, ila mwambie mkunga kliniki ukienda waliandike kwenye kadi yako, na glovu zao wakutafutie zisizo za mpira. Siku ukisikia ulimi unawasha unaacha hapohapo

Neema: Sawa dada nitamwambia

Baraka: Sa hiyo foliki asidi ni uongo au

Asha: Si uongo ila watu wanaikuza. Gramu 100 za papai bivu zina kalori 43 hivi, maji ni karibu asilimia 88, vitamini C miligramu 60 na kitu, folati, yani hiyo foliki asidi yenu, mikrogramu 37. Mjamzito anatakiwa apate vitamini C kama miligramu 85 kwa siku, kwa hiyo Neema akila gramu 150 tu kashamaliza, hapo papai ni bingwa kweli. Lakini folati anatakiwa apate mikrogramu 600, piga hesabu, angekula zaidi ya kilo moja na nusu kila siku. Kwa hiyo Neema vidonge vya kliniki unameza kama kawaida, papai halichukui nafasi yake

Neema: Vile vya damu vinanifungisha choo lakini mpaka nalia

Asha: Basi hapo papai litakusaidia mara mbili, nyuzinyuzi na maji yake yanalainisha choo, halafu vitamini C inausaidia mwili kuvuta madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Kula mlo wako wenye maharage halafu papai lifuate. Na unywe maji, bila maji hizo nyuzinyuzi hazikusaidii

Wifi Halima: Na mwanangu wa miezi saba naweza kumpa? macho yanamtoka akiona watu wanakula

Asha: Mpe wifi, baada ya miezi sita ruksa. Liive kabisa, toa mbegu zote na ule utando wake, ponda kwa uma, usiweke sukari wala asali, anza na vijiko viwili vitatu uone. Choo kikilegea sana punguza

Wifi Halima: Ile rangi ya njano ndo vitamini A sio?

Asha: Ndo hiyo, mwili unaibadilisha kuwa vitamini A. Na papai lina sifa moja naipenda sana, rangi yake mwili unaivuta kirahisi kuliko ya karoti mbichi, kwenye karoti imefungika ndani mno. Ila inataka mafuta kidogo kwa hiyo mpe karibu na chakula chenye mafuta, au changanya na parachichi lililopondwa, watoto wanalipenda lile. Yale mapapai mekundu ndani yana laikopini pia, rangi nyekundu ileile ya nyanya

Mjomba Salim: Mmemaliza habari za watoto? mi nataka habari za nyama. Nasikia papai bichi linalainisha nyama ngumu, nimejaribu ikawa kama uji, haina hata ladha

Asha: Mjomba uliliacha muda gani 😄

Mjomba Salim: Usiku kucha

Asha: Ndo maana. Papaini haisubiri, inakula nyama mpaka isibaki nyuzi. Fanya hivi, chukua papai bichi kabisa, kwangua pamoja na ganda lake maana utomvu mwingi uko chini ya ganda, kilo moja ya nyama kijiko kimoja kikubwa kinatosha, viwili ikiwa ni ya ng'ombe mzee. Kata nyama vipande vidogo au itoboe kwa uma kwa sababu ile dawa haizami ndani sana, inafanya kazi juu juu. Nusu saa mpaka saa moja peleka jikoni. Na jikoni nyama inapoanza kupata joto ndo papaini inachachamaa zaidi kabla haijafa na mchemko, kwa hiyo usiseme bado ngumu ukaongeza, ngoja kwanza. Kuku wa kisasa na samaki usiwawekee kabisa, wataporomoka

Shangazi Rehema: Mimi sikwangui, naweka vipande vitatu vya papai bichi kwenye sufuria ya nyama nachemsha nayo, ikiiva navitoa. Nyama inalainika na haivurugiki

Asha: Ya shangazi ni nzuri zaidi kwa mtu asiye na haraka mjomba, shika hiyo

Mjomba Salim: Nimeshika. Kumbe dawa iko jikoni kwa dada yangu na mimi nahangaika

Baraka: Papai bichi zaidi ya nyama linafanyiwa nini? huwa naona watu wanasubiri tu liive

Asha: Uuuh Baraka, bichi ni mboga kamili! Thailand wana saladi yao ya papai bichi inaitwa som tam, wanalichana nyuzi nyembamba ndefu, wanatwanga kwenye kinu kidogo kidogo na kitunguu saumu, pilipili, ndimu, sukari, mchuzi wa samaki, nyanya na karanga, hawasagi, wanagonga tu ili papai linywe ule mchuzi, ukitafuna linalia kru kru. Wafilipino wanalichuna hivyohivyo wanatengeneza achari ya siki, sukari, tangawizi na karoti wanaiita atchara, na lingine wanalitia kwenye supu ya kuku na tangawizi, tinola. Lenyewe halina ladha kali kwa hiyo linabeba chochote unachokitia, hata tui la nazi linalikubali

Shangazi Rehema: Mkilimenya pakeni mafuta mikononi kwanza huo utomvu unawasha. Mimi nalichanja mistari kwa kisu likiwa na ganda, nalisimamisha likichuruzika, ndo namenya, nakata, naloweka kwenye maji ya chumvi robo saa namwaga maji. Halina uchungu kabisa

Wifi Halima: Hiyo ya kuchanja sijawahi kuiona shangazi, asante

Wifi Halima: Halafu kuna kitu, nikisaga papai na maziwa nikaweka kwenye friji kesho yake linakuwa chungu, maziwa ndo mabaya?

Asha: Maziwa hayana kosa, ni vilevile vimeng'enya vinavunja protini ya maziwa na uchungu unatokea hapo. Saga kunywa papo hapo. Na jeli za dukani ukitia papai bichi au bivu lisilopikwa haigandi ng'o, kwa sababu jelatini inayoigandisha jeli nayo ni protini. Ukitaka igande chemsha papai kwanza

Baraka: Mbegu je? rafiki yangu anakula vijiko vitatu kila asubuhi anasema anasafisha minyoo

Asha: Mwambie apunguze. Mbegu zina ukali wa pilipili manga, ukizikausha ukasaga chache kwenye saladi ni kiungo kizuri mno, mimi natumia. Habari ya minyoo imetoka kwenye utafiti mdogo wa Nigeria 2007, watoto 60, waliopewa mbegu zilizokaushwa na asali wengi wao vimelea viliisha, inatia moyo lakini ni watoto 60 tu. Upande wa pili majaribio ya wanyama dume waliolishwa dawa ya mbegu hizo yameonyesha mbegu za kiume zinapungua. Kijana anayetaka watoto asile vijiko vitatu kila siku, akiwa na minyoo akapime apewe dawa. Neema wewe mbegu usile hata moja

Baraka: 😳 namtumia sasa hivi

Mama Neema: Babu yuko hapa anauliza na yeye mwenye sukari vipi

Asha: Shikamoo babu. Mwambie gramu 100 zina sukari kama gramu 8, si nyingi ila si sifuri. Bakuli dogo la vipande linamtosha kwa mara moja, ale tunda lenyewe asinywe juisi, juisi anamaliza papai zima bila kujua. Asile yaliyokaushwa yenye sukari. Na kama bado anameza ile dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarin, asianze kula papai kila siku wala vile vidonge vya papaini bila kumuuliza daktari, vinaweza kuiongezea ile dawa nguvu akatokwa damu

Mama Neema: Bado anaimeza. Amesema atauliza Jumatatu, na bakuli lake asipunjwe

Neema: Swali la mwisho dada, nitajuaje limeiva kabisa maana mengine ya njano nje ndani magumu

Asha: Rangi peke yake inadanganya. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, liingie kidogo, halafu nusa palepale, bivu linanukia. Ukikata mbegu ziwe nyeusi zote na pasitokee utomvu hata tone, ukiona weupe unachuruzika huna haja ya kuuliza, hilo wape wengine wapikie nyama. Likiwa na michirizi ya njano bado gumu lifunge kwenye karatasi na ndizi mbivu, siku mbili tatu linafika, usiliweke friji kabla halijaiva baridi inaliharibu linabaki gumu halina utamu. Lakini la kijani tupu lililochumwa changa hata ufanyeje haliivi, linalainika tu

Wifi Halima: Na likibaki nusu?

Asha: Acha mbegu zake humo humo kwenye hiyo nusu, funika, friji, siku mbili tatu liishe. Likizidi kata vipande gandisha, yatakufaa kwenye juisi. Ukisikia harufu ya kuchacha usimpe mtoto, tupa